Kuficha Mbele ya Macho

Nje ya mkahawa mmoja jijini Paris, wanaume wawili wamemtia jambazi mbaroni. Mmoja kamshika mkono wa kulia, mwenzake wa kushoto, na wote wawili wana sura ya watu waliokwisha kumaliza kazi. Mara jambazi anachomoka na kutimua mbio, nao wanabaki wamesimama pale pale, kila mmoja kashika mkono. Mikono ni ya bandia. Ya kweli ilikuwa imetulia ndani ya vazi lake muda wote huo.

Filamu ni Juve contre Fantômas ya mwaka 1913, ya pili kati ya tano ambazo Louis Feuillade alitengeneza juu ya jambazi huyo mwenye sura mia. Wale wawili ni Juve, mpelelezi wa polisi, na Fandor, kijana mwandishi wa habari. Nimelitazama tukio hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila nikilirudia navutwa na kitu kile kile. Kamera haisogei kutuonyesha mkono kwa karibu. Haitukonyezi. Imesimama mbali kidogo, kimo cha mtu, ikitazama kama mpita njia ambaye hana habari. Tumedanganywa sawasawa na Juve, na tulikuwa na nafasi ile ile ya kugundua.

Huo ndio ufundi ninaotaka kuusifu hapa, na nitausifu bila haraka kwa sababu wenyewe hautaki macho yenye haraka. Feuillade alijua kuficha kitu mbele ya watu. Ni kama mchezo wa bao: mashimo yote yako wazi, kete zote zinaonekana, hakuna aliyeficha kitu mfukoni, na bado fundi anakula kete zako huku unatazama.

Alizaliwa mwaka 1873 huko Lunel, mji mdogo wa kusini mwa Ufaransa, katika familia ya biashara ya mvinyo. Alitumikia jeshi la wapanda farasi, akaja Paris mwaka 1898, akahangaika na uandishi wa magazeti. Mwaka 1905 aliingia kampuni ya Gaumont kama mwandishi wa visa. Aliyemfungulia mlango ni Alice Guy, mwanamke aliyekuwa akiongoza utengenezaji wa filamu pale, mmoja wa watu wa kwanza kabisa duniani kusimulia hadithi kwa kamera. Yeye anastahili makala yake peke yake, tena ndefu. Alipoondoka kwenda Marekani mwaka 1907, Feuillade alirithi kiti chake. Tangu hapo alitengeneza filamu kwa mamia: za vichekesho, za watoto, za Biblia, za historia, za maisha ya kila siku. Wakati Fantômas anaingia studio, mkono wa Feuillade ulikuwa umekwisha kuzoea kazi kama mkono wa mshonaji uliozoea cherehani. Hili lina uzito. Watu hupenda kudhani kwamba sanaa hutoka kwa mtu aliyekaa miaka mitatu akitafakari picha moja. Huyu alikuwa mwajiriwa, ana mshahara, ana tarehe za kutimiza, ana tajiri anayehesabu kila futi ya mkanda.

Studio yenyewe ilikuwa Buttes-Chaumont, kaskazini mashariki mwa Paris, jengo kubwa la vioo lililojengwa ili jua liingie, maana mkanda wa wakati ule ulihitaji mwanga mwingi sana. Ndani yake Robert-Jules Garnier alijenga vyumba: sebule zenye karatasi za maua ukutani, ofisi, hoteli, magereza. Vyumba hivyo ndivyo bao la Feuillade. Tuviangalie.

Mtu akisikia kwamba kamera haihami, hudhani mara moja kwamba filamu inafanana na tamthilia iliyopigwa picha. Hata mimi nilidhani hivyo nilipoanza, na jioni ya kwanza nilizima kabla haijafika nusu. Kosa hilo ni kubwa, na njia nzuri ya kulitoa ni kufikiria upepeo.

Jukwaani eneo la kuigizia huwa pana mbele, kule karibu na watazamaji. Wale watazamaji nao wameketi kila mahali, huyu kulia, yule kushoto, mwingine juu, kwa hiyo mwigizaji akimziba mwenzake kwa macho ya mtu mmoja hajamziba kwa macho ya mwingine. Hakuna namna ya kupanga jambo kwa usahihi wa inchi, kwa kuwa hakuna jicho moja la kulipangia. Kamera ni kinyume chake. Kamera ina jicho moja tu, nalo liko mahali pamoja. Na eneo linaloonekana na jicho hilo lina umbo la upepeo uliokunjuliwa: mpini uko kwenye lensi, na jinsi unavyokwenda mbali ndivyo unavyopanuka. Mbele kabisa, mita chache kutoka kwenye kamera, kuna nafasi ya watu wawili au watatu tu waliobanana bega kwa bega. Nyuma kabisa wanaweza kusimama ishirini, lakini kila mmoja wao ni mdogo kama kidole.

Hapo kila hatua inakuwa na maana. Mtu akitoka mlango wa nyuma na kuja mbele, anakua mbele ya macho yetu. Habari yake inakuwa kubwa pamoja na mwili wake. Akirudi nyuma, tunamwacha. Akihama nusu hatua kwenda kushoto, amemziba mwenzake kabisa, au amefunua mlango ambao tulikuwa hatuuoni. Hakuna haja ya kukata picha ili kutuambia tutazame wapi. Mtu wa mbele anainama juu ya meza, na juu ya mgongo wake tunaona pale palipokuwa pamezibwa na kichwa chake. Anapoinuka, pamezibwa tena. Yote hayo hufanyika ndani ya picha moja inayoweza kudumu dakika nzima au zaidi, na jicho letu linaongozwa kulia, kushoto, mbele, nyuma, bila kuhisi kwamba limeshikwa mkono.

Fikiria kazi iliyo nyuma ya hapo. Feuillade asiposimama nyuma ya lensi na kuwaza kwa pembe zake, mwigizaji anayedhani anaonekana anakuwa amefichwa na kofia ya mwenzake. Kwa hiyo waigizaji wanapaswa kujua sakafu ile kama nahodha anavyojua miamba ya bandari yake: hapa unaingia kwenye picha, hapa unakatwa miguu, hapa unamziba Juve. Tena wajue kwa kuhisi, maana hawawezi kutazama chini. Na katika lile kundi lake, watu waliofanya naye kazi filamu baada ya filamu, ujuzi huo ulikuwa umeingia miguuni.

Mfano ninaoupenda kuliko yote umo katika filamu ya kwanza, Fantômas, iliyotoka Mei 1913. Binti Mfalme Sonia Danidoff anarudi hotelini, anakabidhiwa fedha zake nyingi, anapanda lifti, anaingia chumbani, anaziweka fedha kwenye mtoto wa meza. Chumba kina samani za kifahari na pazia. Anatoka kwenda kujiandaa kulala. Chumba kinabaki kitupu, na hapo pazia linafunguka: mwanamume mwenye ndevu, suti ya jioni, mtulivu kabisa. Hakuna aliyetuonyesha jinsi alivyoingia. Alikuwamo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na Feuillade alikielewa kisa hiki kwa namna hiyo hiyo: hatari haiji kutoka nje ikibisha hodi, imekwisha kukaa pamoja nawe chumbani.

Binti Mfalme anarudi, wanakutana, na tunachotegemea ni ukelele na mapambano. Navarre hafanyi hivyo. René Navarre, mwigizaji wa Fantômas, anaongea naye kama mgeni aliyechelewa kuaga. Anampa kadi yake. Kadi ni tupu, nyeupe, haina hata herufi. Kisha anachukua fedha na vito na kuondoka. Kelele zinapopigwa, kijana wa lifti anapandishwa juu. Dakika chache baadaye lifti inashuka, na anayetoka ndani yake amevaa sare ya kijana huyo, anapita mbele ya wafanyakazi wa hoteli kama mtu anayekimbilia polisi, anatokomea. Binti Mfalme anaitazama tena ile kadi. Polepole, katika weupe ule, maandishi yanajitokeza: Fantômas.

Hapo kwenye kadi Feuillade alikata picha na kutusogeza karibu, kwa sababu kadi ni ndogo na lazima isomeke. Nataja hili ili mtu asimfanye kuwa mshamba asiyejua mikato. Aliijua. Alikata kwenye barua, kwenye vichwa vya magazeti, kwenye kila kitu ambacho jicho lisingeweza kukisoma kwa mbali. Wakati huo huo kule Marekani D. W. Griffith alikuwa akijenga msisimko kwa kukata kutoka hapa kwenda kule na kurudi hapa, haraka na haraka zaidi, na dunia nzima ikaja kumfuata. Feuillade alichagua njia nyingine, na mimi nasema bila kusita kwamba kwa hadithi ya aina hii njia yake ilikuwa bora. Mkato hukuambia: tazama, hatari iko hapa. Picha ndefu inakunyima huruma hiyo. Inakuachia chumba kizima, inakuacha uchague pa kutazama, na unapochagua vibaya kosa ni lako.

Uigizaji wenyewe nao uliendana na njia hiyo. Katika sinema nyingi za miaka ile, kwa kuwa hazikuwa na sauti, mwigizaji alitupa mikono juu, akashika kifua, akakodoa macho. Kwa Feuillade watu huingia, huvua kofia, huketi, huwasha sigara. Wanaua kwa namna hiyo hiyo. Filamu ya kwanza inafunguka kwa uso wa Navarre ukibadilika mbele yetu, sura moja ikiyeyuka na kuwa nyingine, zote atakazozivaa katika kisa kile. Kwa maneno mengine, mwongozaji ametukabidhi siri zote kabla hatujaanza! Tumekwisha kuziona ndevu zile, tumekwisha kuiona sare ya hoteli. Na bado anapotoka kwenye lifti tunachelewa kidogo kumtambua, na kuchelewa huko ndiyo furaha yenyewe. Upande wake Renée Carl, anayeigiza Lady Beltham, mwanamke anayempenda muuaji wa mumewe, anaweza kusimama bila kutikisa kidole, na ukamwona anavyoteseka kwa jinsi tu alivyogeuza bega kuelekea dirishani.

Visa vilitoka kwenye riwaya za Pierre Souvestre na Marcel Allain, wanaume wawili waliochapisha juzuu moja kila mwezi kuanzia Februari 1911 mpaka zikafika 32. Ni riwaya za kasi, zimejaa mambo yasiyosadikika: chatu anayetumwa kumnyonga mtu kitandani, glavu zilizotengenezwa kwa ngozi ya mkono wa maiti ili muuaji aache alama za vidole vya mtu aliyekwisha kufa, ukuta wa nyumba unaotoa damu kwa sababu nyuma ya chokaa kuna mwili. Mwongozaji mwingine angeyapaka mambo haya rangi ya ndoto, moshi na vivuli. Feuillade aliyapiga picha kama anavyopigwa mwenye duka mlangoni kwake. Juve analala akiwa amejifunga mikanda yenye miiba ya chuma ili chatu akija ajichome. Tunamwona akijifunga kwa makini, kama mtu anayefunga viatu. Ukweli wa chumba unakibeba kisa, nacho kisa kinakirudisha chumba kikiwa kimejaa hofu. Ukishaona ukuta ule ukitoa damu, kila ukuta wenye karatasi za maua unaanza kuutilia shaka.

Kisha kuna kengele. Nimeiacha mpaka hapa makusudi. Katika filamu ya tano, Le faux magistrat, ya 1914, vito vya wizi vimefichwa ndani ya kengele ya kanisa, na Fantômas, ambaye safari hii anajifanya hakimu, anamtuma mshirika wake apande kuvichukua. Jamaa akiwa juu ndani ya kengele, Fantômas anaondoa ngazi. Anaondoka zake. Siku ya mazishi watu wamekusanyika kwa heshima, kengele inapigwa, na kutoka juu vinawanyeshea vito na damu. Ni wazo la kutisha kama ndoto ya homa, lakini tazama lilivyopangwa: hatumwoni mtu akigongwa. Tunaona kengele, tunaona waombolezaji, tunaona kinachoanguka. Kengele ni kubwa, iko wazi mbele yetu, mtu yumo ndani, nasi tunajua.

Na akitoka studio, Feuillade alikwenda kwenye Paris ile ile watazamaji wake walimoishi. Mapambano ya risasi katika Juve contre Fantômas yanafanyika kati ya mapipa ya mvinyo kwenye gati la Bercy, kando ya mto Seine. Mtoto wa mfanyabiashara wa mvinyo alijua mapipa. Yamepangwa safu juu ya safu, na kati yake vichwa vinachomoza na kupotea, bastola inatoa moshi hapa, kofia inaanguka pale. Halafu majambazi wanayatia moto, na Juve na Fandor wanaokoka kwa kuviringika mtoni ndani ya pipa. Upepeo ule ule wa chumbani, sasa uko nje juani: mbele mapipa makubwa yanayoziba, nyuma njia nyembamba ya kukimbilia.

Agosti 1914 vita ikaja. Feuillade mwenyewe aliitwa jeshini mwaka 1915, akarudishwa kwa sababu ya afya. Waigizaji walikuwa wametawanyika kwenye medani, fedha zilikuwa haba, na washindani wa Gaumont, kampuni ya Pathé, walikuwa wanajiandaa kutoa mfululizo wa Les Mystères de New York, wenye Pearl White, mwigizaji wa Kimarekani aliyependwa sana. Gaumont walihitaji kitu upesi. Feuillade akawapa Les Vampires: sehemu kumi, karibu saa saba kwa jumla, zilizotolewa kati ya Novemba 1915 na Juni 1916. Jina lisikupotoshe, hamna wanyonya damu humo. Vampires ni genge la wahalifu wa Paris, na anayewafuata ni mwandishi wa habari, Philippe Guérande.

Kisa kilikuwa kinabuniwa huku kinapigwa picha. Mkuu wa genge anakufa, anakuja mwingine, naye anakufa, anakuja wa tatu. Wapo wanaoliona hilo kuwa udhaifu, na kweli ukitafuta mpango uliosukwa kama riwaya ya upelelezi utaukosa. Mimi naona ni hapo ufundi wake unapoonekana uchi, kwa sababu hakuna kingine cha kuegemea. Hakuna mswada wa kumlinda, hakuna riwaya iliyopendwa tayari. Kuna chumba, watu, mlango, na anayejua nani asimame wapi.

Chukua mifano miwili. Kasha la fedha liko chumbani. Hatujui kwamba nyuma yake, chumba cha jirani, lina mlango mwingine, na mtu anaweza kulifungua kutoka upande ule. Mahali pengine, wageni matajiri wamealikwa kwenye karamu. Milango inafungwa, gesi inaingia, na ukumbi mzima wa watu waliovaa almasi unalegea, unayumba, unaanguka chini. Feuillade anautazama ukumbi wote kwa mara moja. Hachagui uso mmoja wa kuulilia. Halafu wanaingia watu waliovaa nguo nyeusi tii kuanzia kichwani hadi kidoleni, wanatembea kati ya miili iliyolala wakivuna mikufu, kama watu walioingia shambani asubuhi.

Kati ya watu hao wenye mavazi meusi yumo Irma Vep. Aliyemwigiza ni Jeanne Roques, aliyejiita Musidora, mwenye macho makubwa yaliyozungushiwa wanja na vazi jeusi lililobana mwili mzima. Mara ya kwanza tunakutana na jina lake kwenye bango nje ya klabu ya usiku. Philippe analitazama bango, na herufi zinaanza kuhama zenyewe, moja baada ya nyingine, mpaka IRMA VEP linakuwa VAMPIRE. Ni hila ndogo ya karatasi. Lakini inasema kwa sekunde chache kile ambacho Feuillade alikuwa amekifanyia kazi kwa miaka: siri haikuwa nyuma ya bango. Ilikuwa imeandikwa juu yake, kwa herufi kubwa, na kila mpita njia aliisoma.

Sitaki kuwasahau wanaochekesha. Marcel Lévesque, mwenye pua ndefu na mwendo wa korongo, anaigiza Mazamette, karani wa gazeti ambaye katika sehemu ya kwanza anakamatwa kwa kuiba jalada la Philippe. Anaomba radhi, anatoa karatasi kuonyesha ana watoto wa kulea, na Philippe anamsamehe. Ni tukio dogo ofisini, halina bastola wala pazia. Lakini kuanzia hapo Mazamette anakuwa rafiki wa kweli, na mara kwa mara, jambo likizidi, anatugeukia sisi watazamaji na kututazama usoni. Katika filamu ambazo hakuna anayeonekana kujua kwamba anatazamwa, jicho lile la Mazamette ni kama mkono begani.

Mitaa ya Les Vampires ni mitupu. Feuillade hakuifanya kuwa hivyo. Wanaume walikuwa vitani. Wale wenye mavazi meusi wanaparamia mabomba ya mvua na kutembea juu ya mapaa ya kijivu, na chini yao hakuna mtu barabarani, gari moja tu linapita. Nani angeweza kujenga seti kama ile? Aliona mji wake umekuwa mahame nusu, akaweka kamera, akaacha mji useme. Hapo subira yake naiheshimu kuliko hila zake zote.

Hakusifiwa kwa haya. Polisi wa Paris waliwahi kuzuia Les Vampires kwa muda, kwa hoja kwamba inatukuza uhalifu. Na filamu yake iliyofuata, Judex, iliyotolewa mwaka 1917, ilimweka mlipiza kisasi mwema mahali pa jambazi. Wahakiki vijana waliotaka sinema iwe sanaa tukufu, Louis Delluc akiwa mbele yao, walizidharau kazi zake za mfululizo. Kwao kamera isiyohama ilikuwa uzee. Waliompenda ni umati uliojaa kumbi kila wiki, pamoja na washairi: Louis Aragon na André Breton, waliozitazama wakiwa vijana wakati wa vita, hawakuacha kuzizungumzia. Mchoraji wa Ubelgiji René Magritte alikuwa shabiki wa Fantômas maisha yake yote. Katika picha yake L'Assassin menacé ya mwaka 1927, wanaume wawili wenye kofia wanavizia kila upande wa mlango huku muuaji akisikiliza muziki ndani, na mtu aliyezizoea filamu za Feuillade anaitambua mara moja ile namna ya kupanga watu chumbani.

Alifariki Nice, Februari 1925, akiwa na miaka 52, angali kazini. Kwa miaka mingi jina lake lilitajwa kama la fundi wa zamani aliyepitwa, mpaka Henri Langlois wa Cinémathèque Française alipoanza kuzionyesha tena filamu hizo, na vizazi vipya vya waongozaji vikakaa gizani kujifunza. Georges Franju alitengeneza Judex yake mwaka 1963. Olivier Assayas alitengeneza Irma Vep mwaka 1996, na mwaka huo huo mkanda wa zamani wa Les Vampires ukakarabatiwa chini ya usimamizi wa Jacques Champreux, mjukuu wa Feuillade.

Leo zinapatikana kwa urahisi kuliko wakati wowote, safi, zikiwa na muziki. Ombi langu ni kwamba usianze na saa saba za Les Vampires. Anza na Fantômas ya kwanza, haifiki hata saa moja. Itazame jioni ukiwa umetulia, kwenye kioo kikubwa kadiri utakavyopata, simu ikiwa mbali, na Binti Mfalme atakapoingia chumbani kwake usimtazame yeye. Litazame pazia.